Namna ya kuwaandaa walimu kuongoza falsafa na watoto

Kuna mchezo wa darasani ambao kila mwalimu aujua. Mwalimu anagusa meza: "Hii ni me...?" Darasa zima linaitikia: "...za!" "Na mvua hutoka kwenye mawi...?" "...ngu!" Niliucheza mchezo huo miaka kumi na minne katika shule ya msingi huko Kisauni, Mombasa, na darasa langu likisifiwa kwa uchangamfu. Kisha siku moja, nikiwa nafuta ubao, mtoto wa gredi ya 4 akainua mkono: "Mwalimu, mtu akisahau kwamba alimkosea mwenzake, bado ana kosa?" Nikamwambia akae, kengele yakaribia kulia. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili.

Swali lile lilinikosesha usingizi. Ndilo lililonisukuma kutafuta namna ya kufanya falsafa na watoto, na baadaye kuwaandaa walimu wengine. Mpaka sasa nimeongoza makundi saba, Kisauni, Likoni na Changamwe. Haya niandikayo ni kwa mwalimu anayetaka kuwakusanya wenzake na kuwaanzisha. Si lazima uwe umesomea falsafa chuoni. Lazima uwe tayari kukaa mbele ya watu na swali ambalo jibu lake hunalo.

Kazi hii ina waasisi wake, na walimu watakuuliza. Matthew Lipman alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akaona wanafunzi wa chuo wanafika wakiwa wamechelewa kujifunza kupima hoja. Akaandika hadithi ya kijana aitwaye Harry Stottlemeier, ili watoto wamwone mtoto mwenzao akigundua kanuni za kufikiri. Mwaka 1974 alianzisha taasisi Montclair, New Jersey, akafanya kazi bega kwa bega na Ann Margaret Sharp. Utaratibu wao: watoto wakae duara, wasome kwa zamu, watoe maswali yao wenyewe, kila swali liandikwe ubaoni pamoja na jina la mwenye swali, kisha wajadili. Historia hii ipe dakika tano, isizidi.

Dakika nyingine tano mpe mtu wa nyumbani, Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki 1995. Yeye alikwenda kuzungumza na wazee wenye hekima, akawagawa mafungu mawili. Kuna mzee ayasemaye vizuri yale ambayo jamii yake huyaamini. Na kuna mzee ayachukuaye yaleyale akayapima, akayakubali au akayakataa kwa sababu zake mwenyewe. Hapo huwauliza walimu: mtaani kwenu, mzee wa fungu la pili ni nani? Kila mmoja ana wake. Fundi wa majahazi, nyanya yake, ustadh fulani, mama wa sokoni. Wakishawataja hao, hofu ya kwamba falsafa ni kitu cha kigeni hupungua. Na mji huu wetu, Mvita, ni mji wa mshairi Muyaka bin Haji. Kujibu hoja kwa hoja, ubeti kwa ubeti, si jambo la kuletwa Mvita na meli.

Siku ya kwanza, walimu wakae mkekani

Chukua walimu kumi mpaka kumi na wanne. Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa saba. Ondoa madawati, tandika mikeka. Mwenye goti bovu apewe kiti. Wewe kaa chini pamoja nao, usisimame mbele hata mara moja. Chai na mahamri viwe saa nne na nusu, na usivipuuze: mtu mwenye kikombe mkononi hubishana kwa upole zaidi.

Usianze kwa kueleza. Sema "Paukwa!" Wataitikia "Pakawa!" hata kabla hawajajua wanafanya nini, kwa kuwa miili yao yakumbuka. Wahadithie Abunuwasi na harufu. Maskini alikuwa na sahani ya wali mkavu. Kila jioni alikaa karibu na jiko la tajiri, akila wali wake kwa harufu ya nyama ya tajiri. Siku ya siku tajiri akamdai pesa: harufu ni ya nyama yangu, nyama ni yangu, umeila, nilipe.

Komea hapo. Najua hadithi ina mwisho, na Abunuwasi hulipa harufu kwa mlio wa sarafu, na mwisho huo ni mtamu. Lakini ukiumaliza, kila mtu atacheka na kufunga akili yake. Wape dakika moja ya kimya, kisha wawili wawili watunge swali moja ambalo hadithi imewaachia. Kikundi kimoja cha Likoni kilileta haya: Je, harufu ina mwenyewe? Kama maskini alishiba vizuri zaidi kwa sababu ya harufu, hakupata kitu? Tajiri amepungukiwa na nini? Kwa nini twamhukumu tajiri kabla hajamaliza kusema? Hili la mwisho lilitoka kwa mwalimu aliyekuwa amenyamaza asubuhi nzima, na ndilo lililopata kura nyingi. Tulikaa nalo dakika arobaini.

Andika kila swali ubaoni na jina la mwenyewe. Pigeni kura. Anayetoa swali lililochaguliwa ndiye aanze, aseme kwa nini lilimjia. Kazi yako ni kuuliza tu.

Ukimaliza, hakika mwalimu mmoja atakugeukia: "Sasa jibu ni lipi?" Usimpe maoni yako. Muulize, ni hoja ipi kati ya zilizosemwa ingali inamsumbua, na ipi imeanguka? Mwalimu lazima aone kwa macho yake kwamba kukosa jibu moja si sawa na kusema kila jibu ni sahihi. Hoja nyingine zilikufa pale mkekani. Mwalimu mmoja alisema harufu haiwezi kuwa na mwenyewe kwa kuwa haishikiki. Mwenzake akamuuliza, na wimbo je, washikika? Hoja ya kwanza ikabidi itengenezwe upya. Kutengeneza huko ndiko kufikiri, na walimu wengi hawajawahi kufanyiwa hivyo tangu waanze shule.

Makapu matatu

Baada ya chai, wafundishe kuchagua maswali. Mimi hutumia soko la Kongowea kwa sababu kila mtu amewahi kununua pale. Nawapa kisa: muuzaji amepanga maembe mazuri juu ya fungu, yaliyopondeka yako chini. Mama amenunua, hakuuliza, muuzaji hakusema kitu.

Kisha natoa makapu matatu, makapu ya ukili hasa, na vikaratasi. Kapu la kwanza ni la maswali ambayo kitabu au mtu ajuaye atayajibu: maembe haya yametoka wapi? La pili ni la kutazama au kuhesabu: yaliyopondeka ni mangapi? La tatu ni la maswali ambayo hata tukijua kila kitu kuhusu maembe yale, bado hatutakubaliana mpaka tuwaze pamoja: mtu aweza kusema uongo bila kufungua mdomo? Kama kila muuzaji hupanga hivyo na kila mnunuzi ajua, bado ni udanganyifu?

Walimu huchelewa na kapu la tatu. Wataweka humo maswali ya maadili ambayo jibu lake wanalo tayari: "Je, ni vizuri kuwadanganya wateja?" Hilo ni swali la kuitikia "hapana" kwa sauti moja, ni "me...za" lililovaa kanzu. Waambie wajaribu kila swali kwa kipimo hiki: mtu mwema na mwenye akili aweza kujibu ndiyo, na mwingine kama yeye ajibu la? Kama sivyo, litoe kapuni. Zoezi hili nalipa saa nzima, na sijawahi kujuta.

Methali nazo ni hazina, mradi uzilete mbili mbili. "Mtoto wa nyoka ni nyoka" na "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Ziandike zote mbili ubaoni, nyamaza. Watoto waliozizoea kama dawa ya kumeza huona kwa mara ya kwanza kwamba wahenga walikuwa wakibishana.

Kazi ngumu: mdomo wa mwalimu

Hapa ndipo mafunzo mengi huishia njiani, kwa hiyo usiharakishe. Jumamosi ya pili yote iwe ya mdomo.

Katika miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe, huko Marekani, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza. Ulikuwa kama sekunde moja. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka na watoto wengi zaidi wakasema. Waambie walimu, kisha wafanye. Mmoja aulize swali, ahesabu kimoyomoyo mpaka saba. Saba huonekana kama mwaka. Kuna mwalimu aliniambia alihisi moyo wake ukipiga. Rudieni mpaka kimya kisiwatishe.

Zoezi la pili ni la vijiti. Mwalimu mmoja aongoze wenzake dakika kumi. Mwingine akae pembeni na daftari, apige mstari mfupi kama kijiti kila mwenzake asemapo "vizuri sana," "sahihi," au arudiapo jibu la mtu kwa sauti yake mwenyewe. Hili la kurudia jibu ndilo baya zaidi. Mtoto akisema na mwalimu akarudia, wenzake hujifunza kwamba hakuna haja ya kumsikiliza mtoto, wangoje mwalimu. Na "vizuri sana" huwafunga wale waliotaka kusema kinyume. Badala yake, "Asante," na macho yahamie kwa wengine.

Wape maswali machache ya kuchokonoa, wayakariri kama wimbo, kwa sababu darasani hakuna muda wa kuyatafuta. Kwa nini wasema hivyo? Waweza kutupa mfano? Ni hivyo kila mara, au kuna wakati si hivyo? Ulivyosema na alivyosema mwenzako vyaafikiana? Nani ana sababu nyingine? Sauti iwe ya mtu atakaye kujua. Swali "Kwa nini wasema hivyo?" likitoka kwa sauti ya kukaripia, mtoto atakifuta alichosema na kuomba msamaha. Nimeona hayo, na nimeyafanya.

Watoto nao wapewe maneno ya kushika. "Nakubaliana nawe kwa sababu..." "Sikubaliani na neno hilo kwa sababu..." Sisitiza *neno hilo*. Hasira nyingi za duara hutoka pale mtoto asemapo "sikubaliani na wewe." Na wafunze kusema "nimebadilisha mawazo." Mtoto asemapo hivyo kwa mara ya kwanza, mwalimu amuulize kilichombadilisha, basi.

Watakuuliza kuhusu ujuvi

Kila kundi, bila kukosa, mtu husema: tukiwafunza hivi watakuwa wajuvi. Swali hili ni halali, lisikilize mpaka mwisho. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akisema, mdogo huinamisha macho, na mengi mazuri yamelindwa na adabu hiyo.

Mama mmoja alinijia shuleni, amekasirika kweli. Alimtuma bintiye dukani, mtoto akamuuliza, "Kwa nini mimi kila siku, kaka hatumwi?" Sikumwambia mama amekosea. Nilimkaribisha Ijumaa akae kwenye duara letu. Siku hiyo tulikuwa na swali kama hilohilo: kugawa sawa na kugawa kwa haki ni kitu kimoja? Alisikiliza watoto wakingojana, wakiulizana kwa majina, mmoja akisema "samahani, sijamaliza." Mwishoni aliinua mkono akatoa mfano wa mkate wa sinia na mgonjwa ndani ya nyumba. Kuhusu duka hatukuzungumza tena, na sijui walimalizana vipi yeye na binti yake.

Jibu ninalowapa walimu ni hili. Katika duara kuna adabu kali kuliko ya darasa la kawaida: husemi mpaka aliye kabla yako amalize, hucheki jibu la mtu, hutoi neno bila sababu. Mtoto afunzwe pia kutambua mahali na wakati. Kumuuliza mama "kwa nini" wakati mafuta yanachemka jikoni ni jambo moja. Kumuuliza baada ya chakula ni jingine.

Kuhusu dini, fuata ushauri wangu kwa kuwa mji wetu ni wa misikiti, makanisa na mahekalu, na watoto wote hao wako darasa moja. Anza na haki, urafiki, ukweli, mali, ujasiri. Usipeleke wewe swali la kama Mungu yuko. Mtoto akilileta mwenyewe, usimkemee. Mwambie ni swali kubwa ambalo watu wamelifikiria maisha yao yote, alipeleke kwa wazazi na kwa ustadh au padri wake, na duara liendelee na sehemu ambayo watoto wote waweza kuishiriki. Kabla ya muhula kuanza, mweleze mwalimu mkuu na wazazi utakachofanya. Usiwaache walisikie kutoka kwa watoto.

Darasa la watoto sitini

Duara la watoto kumi na watano ni picha nzuri ya kitabuni. Sisi tuna sitini na zaidi. Waonyeshe walimu duara mbili: kumi na watano ndani wakizungumza, wengine nje wakiwa na kazi. Kila wa nje amfuate mtu mmoja wa ndani na kusikiliza kama ametoa sababu. Baada ya dakika kumi na mbili, wa nje waseme walichosikia, kisha kundi jingine liingie. Kipindi ni dakika thelathini na tano, kwa hiyo wiki moja makundi mawili yaingia, na ya wiki ijayo yawe yameandikwa ukutani ili asiwepo wa kuachwa. Kama darasa halina nafasi, nendeni chini ya mwarobaini.

Walimu wajaribu kwa watoto halisi kabla mafunzo hayajaisha. Mimi hutumia kisa cha jahazi, kwa kuwa watoto wa Likoni wamewaona mafundi wakitia kalafati ufuoni. Jahazi la babu lilioza ubao mmoja, fundi akaubadilisha. Mwaka uliofuata mwingine. Mpaka mbao zote, mataruma, hata mkuku, zikawa mpya. Jina limebaki lilelile. Bado ni jahazi la babu? Na kama fundi alizihifadhi mbao kuukuu na kuunda nazo jahazi la pili, la babu ni lipi? Mtoto mmoja wa gredi ya 5 alisema la babu ni lile ambalo babu akiliona atapanda bila kuuliza. Mwenzake akasema, basi babu akifa, hakuna tena jahazi la babu? Mwalimu aliyekuwa akiongoza akafungua mdomo kueleza, akanitazama, akaufunga. Nikajua yuko tayari.

Ratiba na alama

Walimu wataogopa kukosa muda. Wakumbushe kwamba mtaala wa umilisi, uliotandazwa Kenya nzima kuanzia 2019, unataja kuwaza kwa kina na utatuzi wa matatizo kati ya umilisi saba wa kimsingi, na kila mada ina swali dadisi. Mara nyingi swali hilo husomwa haraka na kupitwa. Lisimamisheni. Kipindi cha kusikiliza na kuzungumza katika Kiswahili chafaa, na kile cha PPI, yaani kipindi cha malezi ya kiroho na maadili, chafaa zaidi.

Mwalimu mkuu atauliza kama alama zitapanda. Mwambie kweli. Huko Uingereza utafiti wa shule 48, ulioripotiwa 2015, ulionyesha watoto wakisogea mbele kama miezi miwili katika kusoma na hesabu. Utafiti mkubwa zaidi, wa 2021, haukuona faida hiyo katika kusoma. Kwa hiyo usiahidi alama. Ahidi unachoweza kumwonyesha kwa macho darasani, kisha mwalike aje.

Ziara tatu

Mafunzo ya Jumamosi mbili bila kufuatwa hufifia kabla ya likizo. Mtembelee kila mwalimu mara tatu katika muhula. Ziara ya kwanza, gawa ukurasa sehemu mbili: aliyosema mwalimu, waliyosema watoto. Andika neno kwa neno uwezavyo. Usitoe maoni, mpe ukurasa akae nao usiku mmoja. Wengi hushtuka kuona upande wao umejaa.

Ziara ya pili, chora duara na majina, na kila anaposema mtu vuta mstari kwenda kwa yule anayemjibu. Mwanzoni mistari yote hurudi kwa mwalimu kama miguu ya pweza. Unatafuta mistari inayokwenda kutoka mtoto hadi mtoto. Tafuta pia ambaye hana mstari hata mmoja, na mzungumze juu yake baada ya kipindi. Mara nyingi ni mtoto ambaye Kiswahili cha nyumbani si cha darasani, au msichana aketiye nyuma. Mwalimu amkalishe karibu na rafiki, na wiki ijayo kazi ya wawili wawili ianze na yeye.

Ziara ya tatu, acha kalamu na daftari ofisini. Vua viatu, kaa mkekani ndani ya duara pamoja na watoto. Ukiwa na neno, inua mkono, ungoje mpaka mmoja wao akupe zamu.